Muundi wa Akika

Kama una bakuli la supu mbele yako, limalize kwanza ndipo unisikilize. Mimi hadithi hii ilinitoa hamu ya supu miaka yote hii, na sitaki kubeba lawama ya tumbo la mtu.

Fidla ya Gulnar ilianza kula kabla haijaanza kupigwa. Ilikuwa adhuhuri, ndani ya karakana ya Ustadhi Dastagir, hapa kwetu Miraj kwenye mtaa wa mafundi wa ala, na walikuwepo watu watatu. Ustadhi mwenyewe, mzee aliyechonga sitar tangu hajaota ndevu hadi ndevu zikawa nyeupe. Vinayak, fundi wa umeme, mtu wa makamo mwenye mdomo mwepesi, anayetengeneza spika za harusi na za mahekalu. Na Gulnar, mwenye fidla, aliyekuwa na wiki sita tangu ajifungue na bado anatembea amejishika kiuno.

Vinayak akachomeka waya, akafungua amplifaya, akarudi nyuma. Fidla ilikuwa imelala peke yake juu ya mkeka, nyuzi zake nne zimelegezwa, upinde uko kwenye kasha lake. Hakuna aliyeigusa. Spika ikatoa sauti.

Haikuwa mvumo wa umeme, maana mvumo wa umeme wanaujua. Hii ilikuwa sauti ya mdomo wenye mate. Mikwaruzo mitatu mifupi ya meno juu ya kitu kigumu, kisha mfyonzo mmoja mrefu, kisha pumzi ya mtu aliyepata kidogo na bado anataka. Ikarudia hivyo hivyo. Mitatu mifupi, mmoja mrefu, pumzi.

"Nani anakula embe humu?" akauliza Vinayak, akachomoa waya. Kimya. Akauchomeka, mdomo ukarudi kazini.

Vinayak akasema ni waya umeingia unyevu. Ustadhi akasema ni panya wa darini, kwenye maboga makavu ya kutengenezea sitar. Pua ya Gulnar ilikuwa imenasa harufu ya mafuta ya mbuzi yaliyoganda, na alijua imetoka wapi.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, msije mkadhani Gulnar ni mtu wa ovyo. Alipiga fidla tangu ana miaka saba, anakaa chini kama tunavyokaa wote, kichwa cha fidla juu ya kifundo cha mguu wa kulia, tako lake kwenye mtulinga wa kushoto. Siku zote alipiga nyuma ya waimbaji, na nyuma ya waimbaji kuna tabla, kuna harmonia, na kila alipotaka naye asikike, fidla yake ya kawaida ilipiga yowe kwenye maikrofoni watu wakaziba masikio. Mwaka ule kamati ya urs, sherehe ya kila mwaka ya walii wetu, ikampa siku ya mwisho apige peke yake, mbele ya mji mzima. Mwanamke, peke yake, na mama mkwe bado yuko hai. Hapa kwetu lilikuwa jambo la kusimuliwa hadi Kolhapur. Mumewe Imtiyaz, aliye kazini Sharjah, akakubali kwenye simu. Mama mkwe, Jainabi, akakubali kwa kununa.

Gulnar akaenda kwa Ustadhi Dastagir kumwomba fidla ya umeme, ya kipimo cha mwili wake.

"Mimi natengeneza ala, binti," Ustadhi akamwambia. "Sitengenezi pasi."

Lakini alimtengenezea, kwa sababu Gulnar hakubanduka mlangoni, na kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa anawashwa vidole kujua kama ataiweza. Alichonga mwili wa mti wa tun, mwembamba, usio na tumbo, na vigingi vyeusi vya kukazia nyuzi, na ubavuni akachimba maua ya kujazwa lakiri. Kilichobaki ni daraja, kile kipande kidogo kinachosimama chini ya nyuzi na kuzibeba, ambacho Vinayak angekibandika vidude viwili vya kunasa mtetemo. Fidla ya namna hiyo sauti yake yote imo mle darajani. Ustadhi akajaribu daraja la mti, likalia kama mlango. Akajaribu la plastiki, likalia kama redio ya jirani. Akajaribu kipande cha mfupa wa ngamia kilichobaki kabatini, kikapasuka katikati.

Akasema anataka muundi, mfupa wa mguu, mzima. Uliopigwa shoka una ufa usiouona mpaka uvute nyuzi, na uliopikwa kwenye sufuria ya presha umeshakuwa chaki. Gulnar na tumbo lake la miezi tisa akazunguka mabucha yote. Mchinjaji wa kwetu hakuuzii mguu mzima; anaukata vipande vitano kabla hujamaliza salamu. Mmoja alimcheka waziwazi.

"Muundi mzima, shemeji? Labda utoe wako."

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Mehrin. Siku ya saba ikachinjwa akika. Na mfupa wa akika, mnajua, hauvunjwi. Mbuzi alitenganishwa kwenye viungo kwa kisu, taratibu, nyama ikapikwa kwa kuni, na wageni wakaonywa asionekane mtu anagonga mfupa kutafuta uboho, ili mifupa ya mtoto nayo isimame mizima. Walipomaliza kula, mkunga Chandbi, yule aliyempokea Mehrin kwa mikono yake, aliikusanya juu ya kitambaa chekundu, akaihesabu, akaifunga. Shimo lilikuwa tayari chini ya mkomamanga wa uani. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Mkunga akaenda kuswali, akamwachia Gulnar kifurushi.

Mji mzima umejaa mifupa iliyokatwakatwa, na mizima iko mapajani kwake. Gulnar akalishika fundo kwa mkono wa kulia, akalilegeza, na kwa wa kushoto akachomoa muundi mmoja, mweupe, mnyoofu, akauchomeka kifuani ndani ya nguo. Ulikuwa bado vuguvugu. Uliteleza kwenye ngozi yake, ukashuka kati ya matiti yenye maziwa ukiacha njia ya mafuta, naye akafunga fundo kama lilivyokuwa. Alijiambia mbuzi ana mifupa mingi.

Mkunga akarudi, akazika, akasoma dua. Alipokuwa anakung'uta udongo mikononi alisema kwamba mfupa uliosomewa jina la Mungu una wenyewe, wenyewe hawaonekani, na tusiwapunguzie fungu lao. Gulnar aliitikia amina na wengine.

Kwa Ustadhi alisema umetoka kwa mchinjaji wa Sangli. Ustadhi akaulamba kwa ncha ya ulimi. Ndivyo wanavyopima, kwani mfupa wenye vitundu hunasa ulimi, na huu haukunasa hata kidogo. Akauloweka kwenye chokaa, akausubiri ukauke, akaukata adhuhuri moja huku karakana ikinuka meno yaliyoungua. Unga wa mfupa huwa hautupwi. Aliukanda na lakiri, akajazia yale maua ya ubavuni. Jioni Gulnar aliporudi nyumbani, Jainabi alimwambia mtoto amelia mchana kutwa, na hana homa, na hana gesi.

Hayo ndiyo aliyoyajua Gulnar siku spika ilipotafuna. Akaibeba fidla yake na amplifaya yake akaenda nazo nyumbani.

Na niseme haki ya Mungu, fidla ile ilikuwa na sauti. Akiigusa kwa upinde, inatoka nene na yenye huzuni mpaka muuza mboga anasahau kupiga kelele. Jirani walisogeza viti ukutani. Hata Jainabi aliacha kununa kwa siku mbili. Gulnar alisikia kitu alichokitafuta tangu utotoni kikitoka kwenye mikono yake mwenyewe, na mtu akishakisikia hicho, kumwambia akirudishe ni kazi.

Siku ya tatu aliona daraja linang'aa mafuta. Akalifuta kwa pamba. Siku ya nne pamba ilitoka na rangi ya waridi. Siku ya tano alifungua kasha akakuta daraja limeota utando mwekundu, laini, wenye vimishipa vya buluu, umepanda hadi kwenye nyuzi na kuzishika. Akaugusa. Ulikuwa na joto la mwili.

Alichukua wembe akaukwangua. Ulitoka vipande vipande, unavutika, unanata kwenye wembe, na kila kipande alichokifuta kwenye gazeti kililoanisha gazeti mpaka upande wa pili. Sisimizi walifika kabla hajamaliza. Alisafisha kwa spiriti, akatapika kwenye beseni, akasafisha beseni. Kesho yake nyama imeota tena, nene kuliko jana. Akaichomeka fidla kwa kuwa hakujua la kufanya, na jua lilipofika utosini spika ikaanza, mitatu mifupi, mmoja mrefu, pumzi, naye akaona kwa macho yake nyama inapungua juu ya daraja, inavutwa, inakatika, bila mdomo wowote kuonekana, mpaka mfupa ukabaki mweupe na uzi wa mate unaning'inia kwenye uzi wa fidla, mrefu, unatikisika, haukatiki.

Mtu mwenye akili angeitupa mtoni. Gulnar aliyafuta yale mate kwa khanga ya mtoto, akakaza nyuzi, akafanya mazoezi.

Kila siku ikawa hivyo. Asubuhi nyama, adhuhuri mdomo, alasiri mazoezi. Vidole vyake vilinuka supu iliyolala. Alivisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya kufulia, vikachubuka, vikanuka vile vile, na Mehrin akianza kunyonya anageuza uso. Alijichukia. Akaendelea.

Na Mehrin? Jainabi ndiye aliyeanza kusema kuna paka anamlamba mtoto. Kila adhuhuri akimfunua anakuta mguu wa kulia umeloa kuanzia goti hadi kifundo, na si mkojo, maana unateleza na unanuka meno mabovu. Ngozi ilikuwa imenyauka na kujikunja kama ya mtu aliyefua kutwa. Jainabi alikaa na ufagio mlangoni mchana mzima akimvizia paka. Hakuingia paka. Mguu ukaloa mbele ya macho yake, mtoto amelala mapajani, na ngozi ikawa inabonyea na kuinuka, inabonyea na kuinuka, na Jainabi aliyejaliwa mdomo wa kuwatisha wachuuzi akakosa hata sauti ya kuita.

Walimpeleka hospitali. Daktari akapiga picha, akaitazama kwenye mwanga muda mrefu. Muundi wa mguu wa kulia ulikuwa umeliwa katikati, umekuwa mwembamba kama kipande cha sabuni cha mwisho. Aliuliza maswali mengi, akaandika dawa ya matone, akataka warudi baada ya wiki. Gulnar aliiomba picha aishike. Kingoni mwa mfupa, pale ulipopungua, kulikuwa na alama ndogondogo, tatu tatu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika urs.

Hapa ndipo ninapomchukia kidogo, na yeye mwenyewe hajanikataza. Alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikiweka nguoni kwa mkono wake. Lakini alikuwa ameona jambo moja, kwamba fidla ikipigwa adhuhuri, mdomo haupati nafasi, spika inatoa muziki tu na mguu wa mtoto unabaki mkavu. Akaona hilo ndilo suluhisho. Atapiga kila adhuhuri mpaka urs ipite, kisha atatubu kwa raha. Alimlaza Mehrin kwenye godoro pembeni yake, akakaa chini, akapiga.

Siku sita alifanikiwa. Siku ya saba ilikuwa ya joto la kupasua mawe. Nyama ya siku hiyo ilikuwa imeota mpaka imefunika daraja lote na kuanza kutambaa juu ya ubao, na alipoweka vidole kwenye nyuzi vilizama ndani yake, laini, moto, inapumua, naye akafumba macho akapiga hivyo hivyo, jasho likimwingia mdomoni na mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, akapiga alaap ya kwanza, ule utangulizi wa polepole, akairudia, akapiga ya pili, na chini ya muziki akaanza kusikia mdomo, mbali, unasubiri, unapiga ulimi wake, unafuata mapigo yake kama mpiga tabla mwenye adabu, na kila alipovuta upinde ukasogea, na kila alipogeuza upinde ukasogea, mpaka akausikia hauko tena kwenye spika bali hapa, kwenye mtulinga wake, mahali fidla inapomgusa, unaonja. Upinde ukamponyoka mkononi.

Mehrin alipiga ukelele mmoja tu. Gulnar akamrukia, akaushika mguu kwa mikono yake yenye mafuta kuuvuta utoke kwenye kile asichokiona, na mguu ukapinda. Ulipinda pasipo na kiungo, katikati ya muundi, taratibu, kama mshumaa uliowekwa juani, na ukabaki umepinda.

Alimfunika mtoto, akambeba, akatoka bila viatu.

Mkunga Chandbi anakaa nyuma ya karakana za ala, na Ustadhi Dastagir alikuwa barazani kwake akinywa chai. Gulnar alisema yote pale pale, amesimama, hakuacha kitu. Kitambaa, fundo, kifua, mchinjaji wa Sangli ambaye hayupo.

Ustadhi aliweka kikombe chini. "Nimeulamba," alisema. "Umenilambisha akika ya mwanao." Kisha akaelekea mfereji wa barabarani na kutapika chai, na baada ya chai akatapika nyongo, huku amejishika ukutani, mzee wa watu.

Chandbi hakumkemea Gulnar. Aliufunua mguu, akaunusa, akaufunika.

"Kilichokatwa kiko wapi?" akamuuliza Ustadhi. "Chote. Hata vumbi."

Kesho yake kabla ya adhuhuri wakakutana uani kwa Jainabi. Ustadhi alileta vipande viwili vilivyobaki kwenye boksi lake, na kijaluba cha vumbi alilofagia chini ya meza. Alikaa akakwangua yale maua ya lakiri aliyoyatengeneza mwenyewe kwa wiki mbili, moja baada ya jingine. Vinayak aliitwa. Alitaka kubandua vidude vyake vya umeme kutoka kwenye daraja, mkunga akamzuia.

"Viache. Chomeka. Nataka nimsikie akishiba."

Vinayak akamtazama Gulnar, akatazama nyama iliyoota darajani, akavuta waya hadi uani akiwa ameziba pua kwa ukosi wa shati. Siku hiyo hakufanya mzaha hata mmoja.

Wakafukua chini ya mkomamanga. Kitambaa chekundu kilitoka kizima, hakijaoza, na Chandbi alipofungua fundo wakaona mifupa haiko kama alivyoifunga. Ilikuwa imepangwa, mmoja nyuma ya mwingine, kichwa, shingo, mbavu, miguu, mbuzi mzima mweupe amelala ubavu, msafi kuliko sahani zako, na kila mfupa umeng'arishwa kwa kulambwa. Kwenye mguu mmoja palikuwa na pengo. Chandbi akapanga pale pengoni daraja na vile vipande viwili, akamwaga vumbi kwenye maungio, akapima kwa kidole. Akapima tena.

Muundi ulipungua kwa upana wa ukucha. Msumeno ulikuwa umekula, upepo umechukua, na mengine yamo kwenye kifua cha kila aliyevuta pumzi karakanani siku ile.

Jua likafika utosini. Spika ikaanza. Ilitafuna kwa nguvu sasa, kwa haraka, ikirudi kwenye lile pengo kila mara, na nyama ikaisha kwenye daraja, na mdomo haukunyamaza. Mehrin akaanza kulia mapajani kwa Jainabi.

"Anadai kilichopungua," alisema Chandbi. "Asipopewa hapa atakimalizia kwa mtoto."

Gulnar akauliza kinalipwa na nini.

"Na mfupa wa aliyepunguza. Ulichukua kwa mkono gani?"

Mkono wa kulia unavuta upinde, na ukikosa kidole kimoja bado unavuta. Wa kushoto ndio unaotafuta sauti kwenye nyuzi, na huo ukipungua mpiga fidla amekwisha. Hakuna mtu aliyemwona siku ya akika, na mkunga hakuwepo. Gulnar alikuwa ameshadanganya mara nyingi miezi ile, na uongo ulikuwa umeshazoea njia ya mdomoni mwake.

"Wa kushoto," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Akapiga magoti, akalaza kidole chake cha mwisho pengoni, kati ya mfupa na mfupa. Kwanza alisikia unyevu, ulimi mpana, wa moto, unamzunguka kidole polepole kama unaokisoma. Kisha meno. Hakutoka damu hata tone. Lakini kwenye spika kila mtu alisikia, Jainabi alisikia, Vinayak alisikia akakaa chini mavumbini, mfupa hai ukipasuliwa kwa ndani, mikwaruzo mitatu mifupi, na uboho ukinyonywa, mrefu, mrefu kupita ule wa siku zote, na Gulnar akisikia mwili wake kwa masikio mara mbili, kwa ndani na kwa spika, hakuutoa mkono, aliung'ata mtandio wake na hakuutoa, mpaka ikaja pumzi.

Ilikuwa pumzi ya mtu aliyeshiba. Ikafuatiwa na cheuo. Kisha spika ikabaki na mvumo wake wa kawaida wa umeme, na Mehrin akawa amelala.

Waliifunga mifupa, safari hii pamoja na fidla nzima, waya na vidude vyake, wakaizika yote, na Ustadhi ndiye aliyerudishia udongo. Kwenye urs alipiga mtu mwingine, kutoka Pune. Walisema alipiga vizuri.

Mguu wa Mehrin ulinyooka kabla ya mwezi kuandama. Daktari alizishika picha mbili pamoja, ya kwanza na ya pili, akafikiri zimechanganywa na za mtoto mwingine. Kabla Mehrin hajatimiza miezi kumi na tatu alitembea, kutoka mkomamanga hadi kwa bibi yake, miguu yote miwili minyoofu, na Gulnar alilia mpaka Jainabi naye akalia.

Kidole kipo. Ukikiona kimetulia utadhani ni kizima, kina ukucha na kila kitu, lakini ndani hakina kitu na kinakunjika popote, kama ncha ya soksi. Ustadhi Dastagir hakukwangua mfupa tena. Siku hizi anaagiza madaraja yaliyokwisha tengenezwa, na ulimi wake haulambi chochote kisichotoka jikoni kwake.

Liko jambo moja tu ambalo Gulnar hajamwambia mkunga, ila aliniambia mimi. Mehrin halali usingizi wa mchana bila kunyonya kile kidole. Anakitafuta mwenyewe kati ya vingine, anakivuta mdomoni, anafumba macho. Meno yake yameota vizuri, madogo, safi. Mitatu mifupi, mmoja mrefu, pumzi.

Siku moja Gulnar alimnyang'anya, akaufunga mkono wake mwenyewe kwa kitambaa. Mtoto hakulia. Alimtazama tu mama yake, kwa subira. Adhuhuri ya kesho yake kidole cha pili cha Gulnar kilikuwa kimelegea kwenye ncha, na tangu siku hiyo Gulnar hukinawa kile cha kwanza vizuri kwa sabuni, akampa.